Waliokufa Katika Pipa la Tatu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya maghorofa ya mtaa wa Mowlem, Waridi alikuwa ameshamkasirikia mtu. Siku nyingine alikuwa mumewe, Idarusi, kwa kuacha moto wa kuni ufifie. Siku nyingine ilikuwa kuni zenyewe, kwa kuwa mbichi. Hasira ya Waridi haikuwa na upendeleo. Iliamka naye, ikapiga mswaki naye, ikaenda naye kazini.

Kazi yake ilikuwa kufua marekani. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda la mabati. Humo yeye na Idarusi walipokea marobota ya kitambaa kibichi kutoka kwa wafumaji. Kitambaa hicho huja kigumu kama kadibodi, kwa sababu nyuzi zake zimepakwa gundi zisikatike zikifumwa. Kikiwa na gundi hakishiki rangi. Basi Waridi alikichemsha, akakigeuza kwa mti, akakisuuza mpaka kikawa laini. Idarusi alikitia rangi. Kisha Waridi alikipeleka soko la Muthurwa, na wachuuzi wakakinunua kiwe mashuka na mapazia.

Nyanya yake Waridi alifanya kazi hiyo hiyo mtaa wa Pumwani. Maji ya gundi aliyamwaga mtaroni. Mama yake Waridi aliyamwaga mtaroni. Na Waridi, mtoto mwenye heshima kwa wakubwa wake, naye aliyamwaga mtaroni.

Maji yalitoka bandani kwa bomba, yakashuka mtaroni, yakafika mbele ya geti la Wanyoike. Hapo yaliamua kupumzika. Yalitoa povu jeupe, nene, lenye kujiamini. Povu lilipanda likavuka ukingo uliobomoka wa mtaro, likasimama getini kama mgeni anayesubiri chai. Jua lilipowaka, povu lilikauka, likaacha ngozi ya plastiki juu ya saruji. Mvua iliponyesha, ngozi hiyo iliteleza kuliko sabuni.

Wanyoike alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mzee wa kanisa na fundi mwashi mstaafu. Asubuhi moja mwanzoni mwa Ramadhani alikuja bandani akiwa amevaa vyeo vyote vitatu usoni.

"Mama Nuha! Toka!"

"Sitoki. Nina kazi," alijibu Waridi, aliyejulikana mtaani kwa jina la mtoto wake.

"Bibi yangu ameanguka!"

Waridi alitoka. Wanyoike alikuwa ametoka kumwinua mkewe. Suruali yake ilikuwa na povu mpaka magotini.

"Teresiah alikuwa anaenda duka. Amekanyaga hiyo uchafu yenu. Mkono imevunjika. Unanisikia? Imevunjika!"

"Pole, Baba Githinji. Wallahi pole. Lakini mtaro ni wa watu wote. Kwa nini mkono uwe wangu mimi?"

"Kwani nani mwingine anamwaga povu hapa? Mimi? Pasta?"

"Maji haya nyanyangu aliyamwaga maisha yake yote, na hakuna mtu aliyeanguka!"

"Basi muite nyanya yako akuje anibebee bibi hospitali!"

"Muache nyanyangu alale kaburini kwake!"

"Na mimi niachiwe geti yangu!" Wanyoike alinyoosha kidole kwenye bomba. "Sikiza. Kamati inakaa leo, na mwenyekiti ni mimi, kwa hivyo najua itasema nini. Hiyo povu isipoisha, nakuja na simiti. Naziba hiyo bomba na mkono yangu. Mtajua mnafua wapi."

Aliondoka. Waridi alibaki akiangalia bomba. Likizibwa, maji yatarudi bandani. Maji yakirudi, hakuna kufua. Na bila kufua, yeye na Idarusi hawakuwa na kazi nyingine mikononi.

Idarusi alichomoza kichwa nyuma ya marobota. "Ameshaenda?"

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa nahesabu vitambaa."

"Ulikuwa unahesabu? Mume wangu mzima!"

"Umefunga, Mama Nuha. Hasira inaharibu saumu."

"Basi nitailipa!"

Idarusi, ambaye hakupenda ugomvi lakini alipenda banda, alipanda ngazi za ghorofa ya jirani akamwita Aluoch. Aluoch alikuwa mtaalamu wa maabara katika mtambo wa kusafisha majitaka. Siku nzima alipima maji ambayo watu wengine hawataki hata kuyataja. Alikuja na glavu, akachota maji ya bomba, akayasugua kati ya vidole. Yalinata.

"Haya," alisema. "Nani aliwaambia mmwage kitu hiki mtaroni?"

"Usinianzie na wewe," alisema Waridi. "Hii ni gundi ya kitambaa. Nyanyangu alimwaga gundi hii hii."

"Nyanya yako alimwaga wanga. Wanga wa mahindi, wa muhogo. Ni chakula. Vijidudu vya mtaroni viliula ukaisha. Hii si wanga, Mama Nuha. Wafumaji walibadilisha gundi, na ninyi hamkuambiwa. Hii ni polima. Inaitwa polivinili alkoholi."

Mti ulimtoka Waridi mkononi. "Alkoholi? Kwenye mashuka yangu? Watu wanayalalia Ramadhani!"

"Ni jina tu. Haimlevyi mtu."

"Basi wabadilishe jina! Watu gani hawa? Wanabadilisha gundi hawasemi, wanaweka majina ya pombe, na anayefuatwa na simiti ni mimi!"

"Hapo una haki ya kukasirika," alisema Aluoch. "Lakini mkono wa Teresiah umevunjika. Maji yametoka kwenye bomba lenu."

Waridi aliuokota mti wake. Alikasirika zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Aluoch alikaa juu ya robota. "Umemwona yule muuza miwa wa Muthurwa, mwenye mkokoteni?"

"Namwona kila nikienda."

"Ukimpa mtoto mwenye meno ya mbele tu muwa mzima, atafanya nini?"

"Ataulamba tu. Atalia."

"Ehe. Polima ni muwa mrefu sana. Ni vipande vidogo, maelfu kwa maelfu, vimeungana mstari mmoja. Vijidudu vina midomo midogo. Vinaulamba tu, muwa unapita mzima, unakwenda kutoa povu getini kwa watu. Sasa muuza miwa anafanyaje?"

"Anamenya. Anakata kata kwa panga, anatia mfukoni."

"Na mtoto anakula. Basi. Sisi tutatia dawa ya kukata. Dawa ikishakata, tutaleta vijidudu vije kula."

"Kwa nini dawa isimalize kazi yote?" aliuliza Idarusi.

"Itamaliza, lakini utatia dawa nyingi sana. Utafunga banda mwenyewe kabla Wanyoike hajaja. Dawa ikate kiasi, vijidudu vimalize. Kila mmoja na kazi yake. Lakini nisikilizeni vizuri: panga na watoto havikai chumba kimoja. Dawa inayokata gundi inaua vijidudu pia. Ni lazima panga liwekwe mbali kwanza, ndipo watoto waitwe."

Kwa hiyo yalikuja mapipa matatu.

Pipa la kwanza lilikuwa la kukata. Maji ya gundi yalipopoa, Aluoch alitia asidi kidogo, kisha chumvi ya chuma, kisha akamimina haidrojeni peroksaidi, lile panga, polepole. Dawa hizo huunguza ngozi na macho. Yeye na Idarusi walivaa glavu ndefu na miwani ya plastiki, na yeyote aliyesogea bila glavu alifukuzwa kwa sauti ya kutisha. Vipimo havikuwa vya kukisia. Aluoch alikuwa amevijaribu maabara kwa maji ya banda lile lile.

Pipa la pili lilikuwa la kutuliza. Humo walitia chokaa mpaka ukali wa asidi ukaisha. Chuma kilizama chini kikawa tope la rangi ya kutu. Tope hilo halikumwagwa. Liliwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, likachukuliwa na gari la taka lenye kibali. Maji yalikaa hapo mpaka vikaratasi vya kupimia vikaonyesha kwamba peroksaidi imekwisha.

Pipa la tatu lilikuwa la kula. Aluoch alileta tope hai kutoka kwenye mtambo, limejaa vijidudu. Akatia vipande vya plastiki vyenye matundu, vijidudu vipate pa kushika. Akaweka pampu ndogo ya hewa, kwa sababu vijidudu hivyo vinapumua. Akatia mbolea kidogo, kwa sababu gundi peke yake ni kama ugali bila mboga. Mwanzoni alivipa maji machache, akaongeza taratibu mpaka vikazoea.

Idarusi naye alikwenda akaomba na kupewa kibali cha kumwaga majitaka, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulifanya tangu Pumwani.

Povu likapungua. Likawa jembamba. Halafu asubuhi moja halikuwepo. Wanyoike alitoka nje, akatazama mtaro, akarudi ndani. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amejiandalia maneno mengi, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Lakini kuna siku moja ambayo lazima itajwe. Siku Aluoch alipoweka pipa la tatu, Waridi alikuwa Muthurwa na mashuka. Aluoch alimpa Idarusi masharti. "Msizime hewa. Msitie sabuni. Msitie klorini. Na ule utelezi kwenye plastiki msiusugue, ndivyo vijidudu vyenyewe. Umesikia?"

Idarusi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa hodari sana wa kutikisa kichwa. Waridi aliporudi alimuuliza, "Amesema nini?" Naye akajibu, "Amesema ni sawa."

Idd ikakaribia.

Nyumbani kwa kina Waridi, Idd haiingii nyumba chafu. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mapazia hushushwa. Magodoro hutolewa nje. Sufuria husuguliwa mpaka mtu ajione uso. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Waridi alimaliza nyumba, akamaliza ua, akaingia bandani na ufagio wa chelewa. Akafunua pipa la tatu.

Ndani mlikuwa na utelezi wa kahawia. Umeshika kwenye plastiki, umeshika kwenye kuta za pipa, unanuka kama udongo wa mvua. Waridi alihisi ametukanwa.

"Mume gani huyu!" alisema peke yake. "Pipa limeota ukungu, na yeye analitazama tu!"

Alivitoa vile vipande vya plastiki kimoja kimoja. Akavisugua. Akasugua pipa. Akamimina klorini ya kung'arishia nguo, chupa nzima, akasuuza, akamimina tena. Pipa likawa jeupe kama sahani ya mgeni. Alivirudisha vipande, akajaza maji, akawasha pampu. Halafu akasimama akalitazama pipa kwa furaha safi, furaha ambayo mwaka ule hakuwa ameipata kwa kitu kingine chochote.

Kesho yake walifua robota kubwa la Idd. Maji yakapita pipa la kwanza, la pili, la tatu. Yakaenda mtaroni.

Povu likarudi getini kwa Wanyoike.

"Mama Nuha!" Sauti ile ilisikika ghorofa zote. "Mama Nuha, mnanicheza? Mnanicheza mimi?"

Waridi alikimbia nje. Aliona povu. Hakuamini. Idarusi alikimbilia pipa la tatu, akafunua, akaganda.

"Nani amesafisha hapa?"

"Mimi," alisema Waridi. "Nani mwingine husafisha nyumba hii?"

Aluoch alikuwa amefika kwa kusikia kelele. Alichungulia pipani. Akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Klorini," alisema. "Umetia klorini."

"Chupa mbili. Kwa nini?"

"Umewaua! Wafanyakazi wangu wote! Nimewalisha, nimewazoesha, umewamwagia klorini kama mende!"

"Nimesafisha! Kulikuwa na uchafu!"

"Ule uchafu ndio wao!"

"Na nitajuaje? Wana vitambulisho?"

"Na shukuru Mungu hukuimimina pipa la kwanza! Klorini na asidi zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Ungeanguka hapo hapo!"

Waridi alipauka. Kisha damu ikarudi yote kwa mara moja, ikapanda kichwani.

"Haya, nani aliniambia? Nani katika nyinyi wawili alifungua kinywa akaniambia? Mlikuja na habari za miwa na mapanga. Panga liko pipa la kwanza, nimelielewa, silisogelei. Hili la tatu nani alinieleza? Hewa inachemka tu humo kama maandazi! Mimi najua vitu vilivyo hai. Kila jioni naumua mahamri. Hamira ukiitia maji ya moto inakufa, unga haufuri. Mtoto mdogo anajua! Mngesema neno moja, 'Waridi, hii ni kama hamira,' ningelilinda pipa hili kwa rungu!"

Aluoch alimgeukia Idarusi.

"Nilikwambia. Masharti yote."

"Ulimwambia Idarusi!" Waridi aligeuka naye. "Idarusi anayeogopa ufagio! Tangu nimeolewa hajasugua hata kikombe! Masharti ya kusafisha unampa mtu asiyesafisha, na anayesafisha anaambiwa 'ni sawa'?"

"Nilisahau," alisema Idarusi kwa sauti ndogo. "Nilidhani si muhimu."

"Kwangu mimi?"

"Kwako wewe."

Wanyoike, aliyekuwa mlangoni tayari kupiga kelele, alivua kofia.

Aluoch alivua glavu. "Kosa ni langu pia," alisema, bado amekasirika. "Nimefanya kazi hii miaka, najua kwamba anayeshika ufagio ndiye anayepaswa kujua wa kwanza. Na nikaongea na mwanaume kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama hapo."

Wanyoike alikohoa. "Hiyo yote ni maneno yenu. Mimi nimeona povu. Naenda kukoroga simiti."

"Usikoroge," alisema Waridi. "Ngoja."

Alikwenda kwenye bomba, akafunga koki kwa mikono yake mwenyewe mpaka chuma kikalia. Kisha akaongozana na Wanyoike mpaka getini. Teresiah alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa plasta.

"Mama Githinji," alisema Waridi, "povu la leo ni langu. Na lile lililokuangusha ni langu. Nilisema si langu, nikakosea. Bomba nimelifunga. Hatufui tena mpaka maji yawe safi. Siku nitakayolifungua, mumeo asimame pale na simiti yake ikiwa imekorogwa. Akiona povu, azibe. Sitasema kitu."

"Wewe?" alisema Teresiah. "Hutasema kitu?"

"Nitajaribu."

Idd hiyo haikuwa na kazi. Wachuuzi wa Muthurwa walipiga simu, wakakasirika, wakaenda kununua kwingine. Waridi aliwajibu mmoja mmoja, naye amekasirika. Aluoch alileta tope jipya kutoka kwenye mtambo. Safari hii Waridi ndiye aliyelipokea. Aliuliza maswali mpaka Aluoch akaomba maji ya kunywa. Wanakula nini? Wanapumua vipi? Umeme ukikatika? Klorini iliyokuwa humo imekwisha kweli, nionyeshe kwa kikaratasi. Baada ya hapo, pipa la tatu lilikuwa lake. Aliviongezea vijidudu maji ya gundi iliyokatwa, yaliyobaki pipa la pili, kidogo kidogo. Chupa zote za klorini alizihamishia ndani ya nyumba, kabatini, akaweka kufuli. Umeme ulipokatika, aliyatibua maji kwa mti bila kupumzika mpaka uliporudi, huku akiitukana kampuni ya umeme kwa ufasaha mkubwa. Idarusi alipotaka kufunua pipa, ilibidi kwanza ayataje masharti yote kwa sauti.

Utelezi wa kahawia ukashika kwenye plastiki. Waridi aliunusa. Udongo wa mvua. "Karibuni," aliuambia, kwa ukali.

Siku ya kufungua bomba, Aluoch alikuwa ameshapima maji maabara na matokeo yalikuwa mazuri. Lakini Wanyoike hakuwa mtu wa kusomewa matokeo. Alikuja na karai la simiti iliyokorogwa, mwiko mkononi, na wanakamati nyuma yake. Teresiah alikaa getini kwenye kiti chake.

Waridi alifungua koki.

Maji yalitoka. Yalikuwa na rangi hafifu ya majani makavu. Yalishuka mtaroni, yakafika getini, yakapita. Hayakupumzika.

Wanyoike aliinama. Alichota maji kwenye chupa ya soda, akaifunga, akaitikisa kwa nguvu. Viputo vichache vikapanda, vikapasuka, vikaisha. Akatikisa tena. Akatikisa mpaka kofia ikamwanguka.

"Itatoka," alisema.

"Tikisa tu, Baba Githinji," alisema Waridi. "Ukichoka nitakupokea."

"Hii maji inaweza kunywewa?" aliuliza mwanakamati mmoja.

"Hapana!" walisema Waridi na Aluoch pamoja. Aluoch akaongeza, "Ni safi ya kumwagwa kwa kibali. Si ya kunywa, wala si ya kuoshea watoto."

Wanyoike alitikisa mara nyingine. Jasho lilimtoka. Alikuwa amekuja na hasira ya miezi, imekorogwa vizuri, haina mahali pa kwenda.

"Baba Githinji," alisema Teresiah, "simiti inaganda."

Wanyoike aliangalia karai. Akaangalia bomba. Akauangalia ule ukingo wa mtaro uliobomoka mbele ya geti, pale mke wake alipoangukia. Alipiga magoti, akachota simiti kwa mwiko, akaanza kuusiliba ukingo ule. Alisiliba kwa ghadhabu, akikandamiza, akilainisha, akinung'unika juu ya watu, gundi, kamati na majina ya kigeni.

Waridi alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Hapo kushoto hujafikisha," alisema.

"Najua kazi yangu, Mama Nuha!"

"Mimi nakuambia tu. Watu wasipoambiwa, huwa wanaharibu."

Wanyoike alimtazama kwa jicho kali. Kisha akasogea kushoto, akaongeza simiti.